Waliokaa Mkiani mwa Bomba

Mgeni anayeutazama mji wa Dar es Salaam kutoka kwenye ndege anaweza kudhani huu ni mji ulioshiba maji. Bahari iko mlangoni. Mito ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga inakatiza mitaani. Masika ikichachamaa, Jangwani panageuka ziwa na magari yanasimama pande zote mbili yakitazamana. Lakini mgeni huyo huyo akishuka, akapanda daladala mpaka Mbagala au Tandale, hatakawia kukutana na kijana anayesukuma mkokoteni uliosheheni madumu ya lita 20, na akina mama wakitoka milangoni na fedha mkononi kumsimamisha. Maji yanauzwa mlangoni kama nyanya. Ilikuwaje mji wa pwani, wenye mvua za masika na za vuli, ukafika hapo? Leo naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu shida hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha Mzizima, na watu wake walikunywa maji ya visima vifupi. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja aliamua kujenga mji wake mpya kando ya bandari hii tulivu. Alijenga majumba ya mawe, akaweka watu, akafariki mwaka 1870 kabla mji haujakomaa. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na hamu na mji huu. Fedha zake alizitumia Unguja, na miongoni mwa mambo anayokumbukwa kwayo hadi leo ni kuvuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe, wananchi wakateka bure. Kwa hiyo Unguja ilionja maji ya bomba katika karne ya kumi na tisa, huku mdogo wake wa ng'ambo akiendelea kushusha ndoo kisimani. Ukiwauliza Wazanzibari wazee watakukumbusha jambo hilo kwa furaha kubwa, hata kama siku hizi nao bomba lao lina siku za kununa.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wakaja Waingereza baada ya vita ya kwanza ya dunia. Wote wawili waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, halafu Ilala. Maji yalifuata ramani hiyo hiyo. Nyumba ya afisa ilikuwa na bomba jikoni, bafuni na bustanini. Mtaa wa Waafrika ulikuwa na kisima, au bomba moja la kuchangia watu wengi. Nawaombeni tuishike ramani hiyo kichwani, maana mabomba hukaa ardhini muda mrefu kuliko serikali iliyoyalaza.

Baada ya vita ya pili ya dunia mji ulianza kufumuka. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliwakuta watu wasiozidi 70,000. Ile ya mwaka 1957 iliwakuta 128,742. Visima havikutosha tena, na kiasi cha mwaka 1950 ulijengwa mtambo wa Mtoni, unaochota maji ya Mto Kizinga. Ulikuwa mtambo mdogo na ukazidiwa upesi. Hapo ndipo wataalamu wa Kiingereza walipokata shauri kuuendea mto mkubwa zaidi, Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru kule Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959. Bomba lake likafuata Barabara ya Morogoro hadi kwenye matangi ya Kimara, na kutoka huko juu maji yakashuka mjini.

Uhuru ulikuja, mji ukazidi kukua. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha watu 272,821, yaani zaidi ya mara mbili ya wale wa miaka kumi iliyotangulia. Serikali ilikuwa na mzigo mwingine mkubwa begani, nao ni vijiji. Mwaka 1971 iliahidi kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini atapata maji safi karibu na nyumba yake. Ilikuwa ahadi ya haki, kwa sababu wengi wetu tulikuwa vijijini. Lakini watu hawakungoja ahadi iwafikie. Waliifuata mjini, wakidhani imeanzia huku. Mwaka 1976, kwa msaada wa Kanada, ulizinduliwa mtambo wa pili, Ruvu Chini, kule Bagamoyo, wenye uwezo wa lita milioni 182 kwa siku. Bomba lake likafuata Barabara ya Bagamoyo hadi kwenye matangi ya Chuo Kikuu.

Sasa chukua kalamu uchore. Bomba moja linatoka magharibi kupitia Kibaha na Kimara. Bomba la pili linatoka kaskazini kupitia Bunju na Tegeta. Yote mawili yanaingia mjini kwa mlango wa juu. Kusini, kuanzia Temeke kwenda Mbagala, na Kigamboni ng'ambo ya mlango wa bandari, hapakuwa na bomba kubwa lililoingia. Huko ni mkiani. Na maji, ndugu zangu, hayana adabu ya kupanga foleni. Aliye karibu na tangi anashiba kwanza. Kila kiwanda, kila hoteli, kila shamba la mboga, kila nyumba iliyojengwa kandokando ya njia ya bomba ilichota chake kabla maji hayajafika bondeni. Wengine waliunganishiwa kihalali, wengine walitoboa usiku. Yaliyobaki ndiyo yaliyokwenda mkiani, kama yalibaki.

Yako maandishi yanayotusaidia kuipima hali hiyo. Katikati ya miaka ya 1960 wataalamu watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakiuliza swali rahisi: kila nyumba inatumia maji kiasi gani, inayapata wapi, na inatumia muda gani kuyapata? Hapa Dar es Salaam walikwenda Oyster Bay, Upanga, Chang'ombe na Temeke. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972, kwa jina la Drawers of Water, nasi tunaweza kukiita Wateka Maji. Miaka 30 baada ya utafiti wa kwanza, yaani mwaka 1997, kundi jingine la watafiti lilirudi katika sehemu zile zile, nyingi zikiwa nyumba zile zile, na kuuliza maswali yale yale.

Walichokikuta kingefaa kusomwa bungeni. Kwa wastani, nyumba za Afrika Mashariki zilizokuwa na bomba zilikuwa zikitumia karibu nusu tu ya maji zilizokuwa zikitumia miaka ya 1960. Bomba lipo, mita ipo, ankara inakuja, maji hakuna. Wale wasio na bomba walikuwa wametumia maji kidogo sana zamani, na sasa matumizi yao yalikuwa yamepanda karibu mara mbili, lakini muda wa kuyatafuta mjini ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Fikiria maana yake. Mama aliyekuwa akienda bombani na kurudi kabla uji haujapoa, sasa bintiye anapoteza saa nzima na nusu kila siku, au ananunua. Watafiti waliona pia jambo ambalo halikuwapo kwa wingi katika safari ya kwanza: biashara kubwa ya maji ya reja reja. Mchuuzi alikuwa amekuwa idara ya maji.

Nami naweza kutoa ushahidi wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nimepanga chumba Temeke. Bomba lilikuwapo uani, na lilikuwa na tabia ya popo, linaamka usiku. Saa nane au saa tisa ungesikia linakoroma, kwanza upepo, halafu tope, halafu maji. Mtu mmoja alikuwa akipiga kelele, "Yametoka!" na uani pakajaa ndoo, masufuria, mapipa na hata beseni la mtoto. Baadaye mwenye nyumba ya jirani, mtu mwenye uwezo, alinunua pampu ya umeme akaifunga kwenye bomba la mtaa. Tangu siku hiyo sisi hatukusikia tena mkoromo. Yeye alijaza tangi lake, na asubuhi tulipanga foleni langoni kwake kununua kwa dumu maji ambayo zamani yalikuja kwetu yenyewe. Sikumchukia, alikuwa na watoto kama sisi. Lakini tangu wakati huo, nikisikia mji una upungufu wa maji, huuliza kwanza ni nani anayepungukiwa.

Pampu hizo zina ubaya mwingine ambao hauonekani. Bomba lililojaa maji husukuma nje, hata likiwa na ufa. Bomba tupu linalonyonywa huvuta ndani, na kilicho nje ya ufa mara nyingi ni maji ya choo. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi kilikuwa na sababu nyingi, lakini katika mji wenye maji ya mgawo na vyoo vya shimo vinavyopakana na visima vifupi, ugonjwa huo unapokewa kama mgeni wa nyumbani.

Tufanye hesabu ndogo. Kabla ya upanuzi wa miaka ya karibuni, Ruvu Juu ilikuwa na uwezo wa lita milioni 82 kwa siku na Ruvu Chini milioni 182, jumla milioni 264. Ukizigawa kwa watu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa hesabu ya mwaka 1978, waliokuwa 843,090, kila mtu anapata lita zaidi ya 300. Ukizigawa kwa watu 4,364,541 wa hesabu ya mwaka 2012, anapata lita 60. Hizo ni lita za kwenye karatasi, maana Kibaha na Bagamoyo nao wanakunywa humo humo, na bomba linavuja. Kwa karibu miaka 40 mji uliongezeka mara tano na mitambo ilibaki ile ile, ikizeeka. Siyo mbingu iliyofanya hivyo. Fedha za vipuri hazikuwapo, mita hazikuwapo, ankara zilikwenda kwa wachache, na nyumba mpya zilijengwa bila ramani ya mtaa, achilia mbali ramani ya bomba.

Serikali haikulala kabisa. Iliunda mamlaka ya taifa ya maji mijini kwa sheria ya mwaka 1981, ikaigeuza kuwa DAWASA mwaka 1997, mwaka ambao ukame uliukaba mji na visima virefu vikachimbwa kwa haraka. Visima hivyo viliokoa watu, lakini karibu na bahari kisima kina mtihani wake: ukivuta sana, maji ya chumvi yanasogea. Wakazi wengi wa pwani wanajua chai ya maji ya kisima inavyoharibika hata ukiiongeza sukari.

Halafu tukaingia katika sura ambayo nadhani watoto wetu wataisoma shuleni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa imezama katika madeni, na wafadhili walitaka huduma ya maji ya Dar es Salaam ikabidhiwe mwekezaji binafsi. Mikopo ya kukarabati mitambo, ya Benki ya Dunia na wenzake, iliambatana na sharti hilo. Palifanyika kampeni ya kuusifu ubinafsishaji, iliyogharimiwa kwa fedha za msaada wa Uingereza, nayo ilikuwa na wimbo wake. Mwezi Februari 2003 mkataba wa miaka kumi ulitiwa sahihi na kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa hapa nyumbani. Agosti mwaka huo wakaanza kazi.

Haikufika miaka miwili. Ukusanyaji wa ankara ulidorora, fedha walizopaswa kuilipa DAWASA zikakwama, wao wakasema hali waliyoikuta siyo waliyoelezwa, Serikali ikasema wameshindwa. Mwezi Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, alitangaza kuvunja mkataba, na mwanzoni mwa Juni wakuu wa kampuni hiyo walitolewa nchini. Wananchi wengi walishangilia. Kesi ikaenda Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia liliamua kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoiondoa kampuni hiyo, lakini haikuamriwa kulipa fidia, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa imekwisha thamani. Wanasheria bado wanaifundisha kesi hiyo.

Mimi naitazama kutoka mkiani. Katika ule ubishi wote, kabla ya mkataba na baada yake, swali lilikuwa nani atasimamia ankara. Mwenye ankara ni mtu mwenye bomba. Wakazi wengi wa mji hawakuwa na bomba, kwa hiyo hawakuwa wateja, na kwa kuwa hawakuwa wateja hawakuhesabika, si kwa Mwingereza wala si kwa shirika letu la DAWASCO lililoshika nafasi yake. Mama wa dumu hakujua siku City Water ilipoingia, na hakujua siku ilipotoka. Mchuuzi wake alikuwa yule yule.

Lazima pia tuseme yaliyotendeka. Katika miaka ya 2010 mitambo yote miwili ilipanuliwa, Ruvu Chini kwa msaada wa Marekani hadi lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu kwa mkopo wa India hadi milioni 196. Jumla milioni 466. Mwaka 2018 DAWASA na DAWASCO zikaunganishwa. Mabomba mapya yalilazwa, na mitaa mingi ambayo haikuwahi kusikia mkoromo ilipata maji mchana kweupe. Nimeyaona kwa macho yangu na sitayadharau. Ila ripoti za EWURA zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa hayaleti malipo: yanavuja, yanaibwa, au hayapimwi. Kwa mji unaokwenda kilometa makumi kufuata mto, hiyo ni sawa na kuteka ndoo tatu na kumwaga moja njiani.

Kisha ukaja mwaka 2022. Vuli ilichelewa, Ruvu ikapungua mpaka mchanga ukaonekana. Mwezi Oktoba uzalishaji ulishuka kutoka zile lita milioni 466 hadi kama milioni 300, na mgawo ukatangazwa. Wakulima wa umwagiliaji na wafugaji wa huko juu walinyooshewa kidole, nao wakauliza waende wapi. Mimi siku hizo nilinunua dumu kwa shilingi 500. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50, kwa hiyo uniti yangu ilinigharimu shilingi 25,000. Mwenye bomba aliyebahatika kupata maji siku zile zile alilipa kwa uniti hiyo hiyo fedha isiyofika shilingi 2,000. Watu wanaposema maskini hawezi kulipia maji, nakumbuka hesabu hiyo.

Mwezi Novemba mwaka huo mambo mawili yalifanyika. Visima virefu vya Kigamboni vilizinduliwa na kuunganishwa na mji, na kwa mara ya kwanza maji mengi yakaingia kutoka upande wa kusini. Pia mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, ulitiwa sahihi. Bwawa hilo limekuwa kwenye makabrasha kwa miongo mingi. Nimelisikia likitajwa na mawaziri ambao wengine wamekwisha zikwa. Limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 za mvua ya masika na kuziachia wakati wa kiangazi, ili Ruvu usikauke tena kama mwaka 2022. Ni kazi kubwa, na mimi naiunga mkono.

Lakini maji ya Kidunda yatashuka kwa mto ule ule, yataingia Mlandizi na Ruvu Chini, yatafuata Barabara ya Morogoro na Barabara ya Bagamoyo, na yatafika mjini kwa mlango ule ule wa juu. Kuyatoa Kimara hadi bondeni kunahitaji mabomba ya inchi chache, koki, mita, fundi wa zamu, na magati yenye mtu wa kuyafungua asubuhi. Vitu hivyo havina jiwe la msingi, hakuna anayekata utepe wa koki.

Mtaani kwetu bomba la mwisho linaishia kwenye ukuta wa shule ya msingi. Kutoka hapo kwenda bondeni ni nyumba mia kadhaa, na wachuuzi watano wenye mikokoteni. Mmoja wao aliniambia alianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na sita, na sasa mwanawe anamsaidia kusukuma.